Shabiki na Mizani Yake



Mwezi huu tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo mno kwa kurasa za gazeti la Kanisa, yaani mabishano ya watu wapendao michezo. Lakini ndani ya jambo hili dogo limo swali ambalo latuhusu sisi sote, hata wale wasioujua mpira. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyekwisha kuupa upande mmoja moyo wake, je, aweza kuwa shahidi wa kweli juu ya upande wa pili? Na asipoweza, je, kosa lake ni kupenda, au liko kosa jingine?

Apitaye Mwisenge, hapa Musoma, jioni ya siku ya mchezo mkubwa, hana haja ya kuuliza habari. Toka mwaloni wanapoanika dagaa mpaka kwenye kibanda cha kinyozi, watu wamesimama makundi mawili, hawa wamevaa nguo nyekundu za Simba, na hawa za kijani na manjano za Yanga. Vyama hivi vya mpira ni vya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka kwetu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ijapokuwa jina hili la Simba ilipewa mwaka 1971, na kabla ya hapo iliitwa Sunderland. Wako vijana na wazee wa Mwisenge ambao hawajapata kuukanyaga uwanja wa Dar es Salaam, lakini hubishana juu ya mambo ya uwanja ule kama watu waliokuwa wamesimama mlangoni pake.

Na tutwae mfano wa ligi ya mwaka 2024 hata 2025, kwa kuwa katika ligi hiyo vyama hivyo viwili vilikaribiana sana. Mchezo wao wa kwanza ulichezwa tarehe 19 Oktoba 2024, Yanga wakashinda kwa bao 1 kwa 0. Mchezo wa pili uliwekwa tarehe 8 Machi 2025 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, nao Yanga ndio waliokuwa wenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walitangaza ya kuwa hawatacheza, wakisema walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi yao ya mwisho, ambayo ni haki ya mgeni kwa kanuni za ligi. Siku ya mchezo Bodi ya Ligi ikauahirisha. Yanga walifika uwanjani hata hivyo, wakasema ya kuwa wao walikuwa tayari kucheza, wala hawakuona sababu ya kurudia mchezo ambao wenzao hawakuufikia. Maneno yakawa mengi kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu. Mwisho mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni 2025, hali Yanga wana pointi 79 na Simba wana 78. Yanga wakashinda kwa mabao 2 kwa 0, wakatwaa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo.

Angalieni, ndugu, ya kuwa mabao hayo mawili hayana ubishi mkubwa. Yalionekana, yakahesabiwa, yakaandikwa. Ubishi ambao haujaisha barazani ni juu ya tarehe 8 Machi, siku ambayo hapakuchezwa mchezo wo wote. Mmoja husema, “Asiyefika uwanjani amejishinda mwenyewe, kanuni ni kanuni.” Mwingine hujibu, “Aliyefunga mlango hawezi kudai ya kuwa mgeni hakuja.” Kila neno katika hayo mawili lina akili ndani yake. Lakini utaona ya kuwa neno la kwanza lasemwa na wenye kijani, na neno la pili na wenye nyekundu, kana kwamba akili ya mtu hugawiwa pamoja na nguo. Jambo hili yafaa litushangaze, maana habari iliyowafikia watu wa pande zote mbili ilikuwa ni ile ile moja.

Hapo mtu atatujibu, “Mchungaji, usitukazie. Huo ni utani tu. Simba na Yanga ni watani wa jadi.” Jibu hili ni la haki, nasi twalipokea kwa kadiri yake. Utani ni mali ya wazee wetu, nao una hekima nyingi. Mtani aweza kumwita mwenziwe mwizi au mwoga mbele ya watu, na wote wakacheka, kwa kuwa kila mmoja ajua ya kuwa maneno yale si ushahidi. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya utani. Mtani yule yule afanyaye mzaha msibani, ndiye ashikaye jembe kaburini na kuwahudumia wafiwa. Ruhusa ya ulimi wake imefungwa pamoja na kazi ya mikono yake. Basi mtu akitwaa ruhusa ya kutukana, akaacha wajibu wa kusaidia, huyo si mtani tena. Tena utani una alama nyingine: aliyetaniwa hucheka. Akiisha kununa, akiisha kukaa mbali na mwenziwe siku ya ibada, au mkulima akikataa kumwazima jirani yake jembe kwa sababu ya maneno ya Jumamosi, basi utani umekwisha kwisha, na kilichobaki ni ushuhuda, ambao lazima upimwe kwa kipimo cha ushuhuda.

Mwingine atatujibu kwa njia nyingine. Atasema, “Kupenda ni kuegemea. Mtu asiye na upande ni mtu asiye na moyo. Je, mama asimtetee mwanawe?” Hili nalo ni neno kubwa. Sisi hatufundishi ya kuwa Mkristo apaswa kuutazama mchezo kama jiwe. Furaha ya mchezo ni pamoja na kutamani, na kuogopa, na kuruka kwa shangwe bao likiingia. Mama naye amwombee mwanawe, amtafutie wakili, alie mbele ya hakimu. Lakini hakimu akimwuliza mama, “Je, usiku ule mwanao alilala nyumbani?”, hapo mama haulizwi tena anatamani nini. Aulizwa aliona nini. Akisema “Alilala”, na kitanda kilikuwa kitupu, upendo wake haukuwa kosa. Kosa ni kuuweka upendo mahali pa macho. Kutamani ni kazi ya moyo, na kushuhudia ni kazi nyingine. Shabiki huanza kupotea anapoona ya kuwa kusema kweli juu ya mpinzani ni kuwasaliti wale awapendao.

Lakini mtu atajuaje kama anashuhudia au anatamani tu? Moyo ni mdanganyifu, na kila mmoja wetu hujiona kuwa mwenye haki. Maandiko yametupa njia ya kujipima. Mfalme Daudi alipokwisha kumtwaa mke wa Uria, nabii Nathani hakuanza kwa kumshitaki. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akakasirika, akatoa hukumu iliyo sawa kabisa, kwa sababu hakujua ya kuwa anajihukumu mwenyewe. Nathani hakumwongezea mfalme elimu ya sheria. Sheria Daudi aliijua. Alichofanya ni kuliondoa jina la Daudi katika shauri, ili Daudi aweze kuliona. Basi nasi tufanye vivyo hivyo: tuyaondoe majina, au tuyabadilishane. Ewe mwenye kijani, kama Yanga ndio waliosema kwamba wamezuiwa mlangoni, na Simba ndio waliofika uwanjani siku ya pili, je, ungesema, “Kanuni ni kanuni”? Nawe mwenye nyekundu, je, ungesema, “Aliyefunga mlango asidai”? Ukiona ya kuwa neno lako lingegeuka pamoja na nguo, jua ya kuwa hukuwa unapima, ulikuwa unachagua.

Hapa Musoma tunao mfano wa karibu zaidi. Timu yetu ya Biashara United, iliyokuwa ikicheza katika Uwanja wa Karume, ilimaliza ligi ya mwaka 2020 hata 2021 katika nafasi ya nne, ikapata kushindana na timu za nchi nyingine katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwezi wa Oktoba 2021 ilicheza na Ahli Tripoli ya Libya katika Dar es Salaam, ikashinda kwa mabao 2 kwa 0. Lakini kwa shida za safari haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, na wale Walibya wakaendelea mbele pasipo kuufunga mlango wa Biashara hata mara moja. Mwaka uliofuata, 2022, timu ikashuka daraja. Sasa na ajiulize kila mtu wa Musoma: katika habari hii, je, tulisema, “Asiyefika uwanjani amejishinda mwenyewe”, au tulitafuta sababu za kuwaonea vijana wetu huruma? Na kama Walibya ndio walioshindwa kufika kwetu, je, tungezitafuta sababu zao kwa bidii ile ile?

Huenda mtu mwenye akili atasema ya kuwa mashauri haya mawili hayafanani, kwa kuwa Biashara walitaka kusafiri wasiweze, na Simba walikataa wenyewe kucheza. Vema. Kutofautisha si kosa. Ndiyo kazi ya mwamuzi mwema. Sisi twaomba jambo moja tu, kwamba tofauti ile iwe ya kweli, nawe uishike hata siku itakapokuumiza. Ukisema ya kuwa asiyeweza husamehewa, na asiyetaka hasamehewi, basi useme hivyo kwa rafiki na kwa mpinzani. Sulemani katika kitabu cha Mithali aliyataja mawe ya kupimia ya namna mbili kuwa chukizo kwa Bwana. Mfanya biashara mwenye mawe mawili si kwamba hajui kupima. Ajua sana, na kwa sababu hiyo ana jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Tuvuke sasa mpaka wa Sirari, twende mpaka Nairobi, tutazame mchezo mwingine ambao wengi wetu hatuujui, yaani kriketi. Katika kriketi ya siku moja, upande mmoja hupiga mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio, kisha upande wa pili hujaribu kuizidi hesabu ile kabla ya mipira yao 300 kwisha. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la mchezo huo lilichezwa Afrika ya Kusini, na michezo mingine michache katika Zimbabwe na Kenya. New Zealand walitakiwa kucheza na Kenya mjini Nairobi mwezi wa Februari. Hawakuja, wakisema wanahofia usalama wao, maana miezi michache nyuma, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli moja ya Kikambala karibu na Mombasa ilishambuliwa kwa bomu, na watu wakafa. Kenya ikapewa pointi za mchezo ule bila kuucheza. Baadaye ikafika hata nusu fainali, ikashindwa na India huko Durban tarehe 20 Machi 2003 kwa mikimbio 91.

Hapo mabishano yakawa yale yale. Mtu wa kuidharau Kenya alisema, “Walifika kwa pointi za zawadi.” Mtu wa kuitukuza alisema, “Walifika kwa nguvu zao.” Lakini shahidi wa kweli husema maneno yote mawili. Husema ya kuwa Kenya ilipokea pointi ambazo haikuzitolea jasho. Na husema pia ya kuwa tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kenya iliwashinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, ambao walikuwa wamelitwaa Kombe hilo mwaka 1996, na ya kuwa iliwashinda Bangladesh na Zimbabwe pia. Mabishano mengi ya mashabiki si vita kati ya kweli na uongo. Ni kweli moja iliyokatwa vipande viwili, kila mtu akatoroka na kipande chake. Naye mwenye kipande aweza kuapa ya kuwa hakusema uongo, na kwa maneno matupu hakusema. Lakini aliyemsikiliza ameondoka na picha iliyo ya uongo.

Katika amri ya nane, kama tuihesabuvyo sisi katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dakta Martin Luther hakutosheka kutukataza uongo juu ya jirani. Alitufundisha pia kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyaeleza matendo yake yote kwa namna iliyo njema. Mwalimu wa kipaimara aweza kuulizwa hapa swali gumu na mwanafunzi wake: “Je, amri hii haijipingi? Nikiyaeleza matendo ya jirani kwa wema tu, nitasemaje kweli akikosa?” Swali hili latufaa sana katika shauri letu. Twafikiri ya kuwa jibu liko katika kutenganisha yaliyoonekana na yasiyoonekana. Yaliyoonekana, sharti tuyaseme kama yalivyo, yakitupendeza au yakituchukiza. Lakini nia ya mtu haionekani, na hapo, palipo na giza, ndipo tunapotakiwa kumpa jirani maelezo yaliyo mema kadiri tuwezavyo.

Sasa msikilizeni shabiki, nanyi mtaona ya kuwa hufanya kinyume chake mara mbili. Yaliyoonekana huyaficha yakiwa ni mazuri ya mpinzani. Na yasiyoonekana, ambayo hapana awezaye kuyajua, huyatangaza kana kwamba ameyaona: “Simba waliogopa kufungwa.” “Yanga walikusudia hila tangu mwanzo.” “Mwamuzi amehongwa.” Nani kati yetu aliuona woga ule, au hila ile, au fedha ile mkononi mwa mwamuzi? Mtu awezaye kuthibitisha rushwa na ayapeleke mambo yake panapohusika. Asiyeweza, anamshuhudia uongo jirani ambaye hata hamfahamu, na huyo mwamuzi naye ana mke na watoto ambao hulisikia jina la baba yao likivunjwa.

Mtafikiri tunaikuza habari ya mpira. Lakini ulimi ni mmoja. Ulimi uliofundishwa Jumamosi kuficha jema la mpinzani na kumtungia nia mbaya, hauwekwi kabatini Jumatatu. Huenda nao kwenye baraza la kata linalosuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Huenda nao katika baraza la wazee wa usharika, mume na mke wanapokuja na shauri lao, na mzee mmoja ni wa ukoo wa mume. Sisi watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa na mgeni jinsi jambo hili linavyoweza kuzaa. Katika Tarime tumepata kuona koo zikipigana kwa ajili ya ardhi na mifugo, na watu wakafa. Mahali pengi penye ugomvi wa namna hiyo, swali la “Amefanya nini?” limekwisha kumezwa na swali la “Ni wa kwetu au ni wa kwao?” Kitabu cha Kutoka, katika mlango wa 23, hutukataza kuwaandama wengi ili kupotosha hukumu. Umati wa watu uwanjani na umati wa watu kwenye mpaka wa shamba huimba nyimbo mbalimbali, lakini mtu mmoja ndani yao hupotezwa kwa njia moja.

Basi kwa walimu na wainjilisti wetu twatoa mashauri matatu. Kwanza, wabishanao waulizeni hivi: “Ni mambo gani ambayo ninyi nyote wawili mwakubali kwamba yalitokea?” Wahesabuni hayo kwanza, nanyi mtashangaa kuona yalivyo mengi. Pili, kabla mtu hajampinga mwenziwe, mwacheni ayaseme maneno ya mwenziwe mpaka huyo mwenziwe aseme, “Naam, ndivyo nisemavyo.” Asiyeweza kuyasema bado hajayasikia. Tatu, wafundisheni vijana kutoa neno moja la sifa kwa mpinzani kila baada ya mchezo, wakishinda au wakishindwa, na neno hilo liwe la kweli. Jambo hili ni gumu sana siku ya kushindwa, nasi twajua ya kuwa wengine watalifanya kwa meno yaliyokazwa. Na walifanye hivyo hivyo. Mkono nao hujifunza kuandika kabla ya kupenda kuandika.

Kwa hiyo twalijibu swali letu. Mwenye upande aweza kuwa shahidi wa kweli. Kama asingeweza, pasingekuwa na hakimu hata mmoja duniani, maana hakuna mtu asiye na kwao. Kupenda si kosa lake. Kosa ni kubadili jiwe la mizani kwa siri, kisha kuapa ya kuwa mizani ni ile ile. Na asiyejua kama amelibadili, na amwite Nathani wake, naye mara nyingi ni yule jirani mwenye nguo ya rangi nyingine. Amwulize, “Ndugu yangu, je, nimesema haki juu yenu?” Kisha anyamaze, amsikilize mpaka mwisho.

Mchezo mwingine wa watani hawa utakuja, na Mwisenge itajaa kelele tena. Nendeni, ndugu, mkashangilie, kila mtu na rangi yake. Na Jumapili, tutakapopeana mkono wa amani kanisani, mtu asiutazame kwanza mkono ule kuona umevaa rangi gani.

Bwana atulinde ndimi zetu. Amina.